Nilivyoisimamisha Treni ya Mpanda kwa Adabu

Ndugu zangu wa gereji,

Leo nimeadhirika. Sitaki kuzungukazunguka. Nimeadhirika mbele ya wakwe, mbele ya katekista, na mbele ya treni nzima, madirisha yote wazi na vichwa vyote nje. Nawaandikia nikiwa nimekaa juu ya debe la asali karibu na stesheni ya Mpanda. Lori liko pale mbele yangu, limenuna, haliwaki.

Gadi wa treni aliona yote. Nyie mnamjua yule bwana, hawezi kukaa na neno tumboni hata kituo kimoja. Atafika Tabora kabla ya barua hii. Basi msiichukue kama habari. Ichukueni kama masahihisho.

Mnamkumbuka Anastazia, binti wa Mzee Gervasi wa Litapunga, niliyewasimulia habari zake mpaka mkaniomba ninyamaze? Ni huyo huyo. Nilishamwambia Mzee nia yangu tangu mavuno. Alikuwa hajasema ndiyo, hajasema hapana, anakohoa tu na kubadili mazungumzo. Juzi akanipa neno. Yeye na mkewe wanakwenda Tabora, mjukuu wao wa kwanza anabatizwa. Na mimi nilikuwa huko huko Litapunga kuchukua asali na nta za tajiri wangu.

"Kaspari," akaniambia, "kila siku nasikia wewe ni dereva, wewe ni fundi. Sawa. Tufikishe stesheni mimi na Mama Anastazia kabla treni haijaondoka. Tukipanda treni, mshenga wako aje. Tukiachwa, usimtume mtu kwenye uwanja wangu."

Nikacheka. (Nilicheka, ndugu zangu! Kwa meno yote!) Kutoka Litapunga mpaka Mpanda ni safari ya asubuhi tu, hata kuku hajamaliza kudonoa. Nikamwambia baba asiwe na wasiwasi, mke nimeshapata. Hilo la mwisho nililisema moyoni.

Asubuhi ya leo ilikuwa na baridi ya kipupwe, ile inayotoa moshi mdomoni. Umande umelowesha kila kitu. Mzee Gervasi akatoka ndani amevaa suti nyeupe ya drili, kofia nyeupe, viatu vyeupe. Alipendeza mpaka nikaona haya kwa ovaroli langu. Akasimama karibu na lori kuniangalia ninavyowasha.

Hapo ndipo nilipoanza kujichimbia kaburi. Hakuniuliza kitu. Mimi mwenyewe nikaanza kumfundisha.

"Baba, unaona hii baridi? Petroli ikiwa baridi inakuwa mvivu, haitaki kugeuka mvuke. Inabaki majimaji kwenye chuma, inayofika kwenye moto ni kidogo. Sasa mimi navuta kidude hiki hapa, kinaitwa choki. Choki inaziba hewa, petroli inaingia nyingi, injini inakubali."

Nikavuta choki, nikaenda mbele, nikatia hendeli. Mzungusho wa pili tu, likawaka! Nikamtazama Mzee. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima.

"Na injini ikishapata joto?" akauliza.

"Ikishapata joto, unakisukuma kidude ndani. Hewa inaingia, mchanganyiko unakuwa sawa."

"Na mtu asipokisukuma?"

"Haa! Litatoa moshi mweusi, litanywa petroli kama ng'ombe, halafu litazima. Lakini baba, mtu asiyerudisha choki ndani huyo si dereva. Huyo ni mchunga mbuzi."

Nililisema kwa sauti, uwanja mzima ukasikia. Mama Anastazia alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko akifunga mzigo wake, na ukuta wa jiko ni wa fito. Lishikeni hilo.

Injini ilipopata joto nikaisukuma choki ndani kwa mkono wangu huu. Naapa. Nimeisukuma, nimeisikia imeingia. Lori likawa linanguruma vizuri, nyororo, mpaka nikalipiga kofi kwenye boneti kama mtu anavyompongeza fahali wake.

Sasa tukafika kwenye tatizo la kukaa. Mzee Gervasi alikataa kabisa kuingia ndani.

"Mimi nasimama nyuma," akasema. "Nikikaa huko ndani nani ataniona?"

Vijiji vyote vya njiani vilitakiwa vimwone. Sikubishana na mkwe. Lakini Mama Anastazia magoti yake hayapandi juu ya madebe. Lazima akae ndani. Na ndani niko mimi!

Nyie wa Tabora mjini mmeshasahau mila, basi niwakumbushe. Huku kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Na katika lori langu hakuna kichaka. Tukasimama wote tunaliangalia lile tatizo, mama akiwa bado nyuma ya ukuta.

Anastazia ndiye aliyepata akili. "Tuweke pazia," akasema.

Akaleta kaniki ya mama yake, nzito, nyeusi. Akaingia nayo ndani ya lori. Kona moja akaifunga kwenye msumari ulio juu ya kioo cha mbele. Ya pili akaifunga nyuma ya kiti. Ya tatu sikuona aliifunga wapi, maana nilikuwa chini na Mzee nakagua matairi (na kumwonyesha Mzee jinsi ninavyokagua matairi). Niliporudi, pazia lilikuwa limesimama katikati, limekazwa vizuri, halichezi. Upande huu mimi na usukani. Upande ule Mama Anastazia na kikapu chake. Nikaona nimeoa kwa watu wenye akili, nikafurahi sana.

Nikaingia shingo imekakamaa, macho mbele. Upande wa kushoto kwangu leo haukuwepo duniani.

Tukaondoka. Mzee nyuma anapunga kofia. Wanakijiji wanapiga vigelegele. Anastazia amesimama kwenye kona ya nyumba ananiangalia, na mimi nikabana midomo nisionekane natabasamu mbele ya mama yake, ingawa mama yake yuko nyuma ya kaniki.

Hatujamaliza mashamba ya mihogo, lori likaanza kutetemeka.

Kwanza kidogo. Halafu likawa linaruka kwa mguu mmoja. Nikikanyaga mafuta, linaguna badala ya kukimbia. Nikatoa kichwa dirishani kuangalia nyuma. Moshi! Moshi mweusi, mzito, unafunika barabara yote.

Upande wa pili wa pazia nikasikia: "Khm!"

Mama mkwe amekohoa. Moyo ukanipasuka. Moshi unamwingia mama! Nikasimamisha lori mara moja, nikaruka chini, nikafungua boneti.

Nikafikiri kama fundi. Choki niliisukuma mwenyewe, hiyo haina neno. Moshi mweusi maana yake petroli imezidi hewa. Kwa nini? Basi nikakumbuka: wiki iliyopita, baridi ilipozidi, niliizungusha skrubu ya kabureta kuongeza petroli. Na sasa jua linapanda, baridi inapungua. Mchanganyiko wa baridi hauwezi kufaa kwenye joto! Jibu hilo hapo, safi kabisa. Mwalimu wetu wa gereji angenipa alama zote.

Nikachukua bisibisi, nikazungusha robo kupunguza petroli.

Mzee Gervasi akashuka. "Kuna nini?"

"Hali ya hewa, baba. Inabadilika. Mimi naifuata."

Mzee akapenda sana neno hilo. Akaanza kuniuliza baridi inavyofanya, joto linavyofanya, nami nikawa namjibu kwa kirefu. Kutoka ndani ya lori ikaja sauti: "Baba Anastazia! Njoo nikwambie."

"Subiri, mama," Mzee akajibu. "Wanaume tunazungumza mambo ya injini."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo ikasikika kengele. Ngrii! Katekista Simoni wa Litapunga, juu ya baiskeli yake, anakwenda Mpanda kwa Padri. Tulimpita mwanzoni kwa vumbi na honi. Sasa yeye ndiye anayetupita.

"Tumsifu Yesu Kristo, Kaspari!"

Kichwa kiko ndani ya boneti, lakini salamu ya dini haikataliwi. "Milele, amina," nikasema.

Tukaondoka tena. Nikampita Katekista kwa honi mbili. Ushindi huo ulidumu mpaka bonde la pili.

Kwenye bonde kulikuwa na ukungu bado, baridi imekaa chini. Lori likatetemeka kuliko mwanzo. Likapiga "bwaa!" kwenye eksozi, ndege wote wa bondeni wakaruka. Na upande wa pili: "Khm! Khm!"

Mara mbili sasa. Mama anateseka. Nikasimama. Nikafungua boneti. Nikang'oa plagi moja, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya ugali. Nikazing'oa zote, nikazipangusa kwa shati la akiba, lile jeupe nililokuwa nimepanga kulivaa stesheni. (Msiniulize kwa nini sikutumia tambara. Nilikuwa na haraka ya kuoa.)

Halafu nikazungusha skrubu tena. Kupunguza. Robo nyingine. Au nusu. Hesabu ilianza kunipotea hapo.

"Sasa ni nini?" Mzee akauliza kutoka juu.

"Ukungu, baba. Hewa ya hapa bondeni ni nzito kuliko ya kule."

"Ala! Hata hewa ina uzito?"

"Sana, baba."

"Baba Anastazia!" Mama akaita tena, na safari hii akagonga mlango kwa kiganja. "Nina neno!"

"Mama, tulia kidogo! Hujasikia? Hewa ni nzito!"

Mama akaguna. Guno lile lilipita katikati ya kaniki na kunifikia. Nikadhani anamgunia mumewe.

Ngrii! "Tumsifu Yesu Kristo, Kaspari!"

"Milele, amina."

Ndugu zangu, sitawachosha na kila kituo. Tulisimama mara sita. Kila mama akikohoa, mimi nasimama. Kila nikisimama, narekebisha. Kila nikirekebisha, lori linazidi. Na kila lori likizidi, mama anakohoa. Katekista alitupita mara tano, na kila mara tuliombeana heri kwa jina la Bwana, mpaka ile amina yangu ikawa haina tena dini ndani yake. Mara ya tano Katekista hakupiga hata kengele. Alinionea huruma. Hiyo iliniuma kuliko kengele.

Mara ya mwisho tulisimama kwenye kilima, Mpanda ikiwa inaonekana. Lori lilikataa kupanda na mzigo wote. Nikamwomba Mzee ashuke atembee kidogo.

Akashuka. Nikamwangalia. Mungu wangu!

Ile suti nyeupe ilikuwa na rangi ya tanuru. Kofia, viatu, mashavu, yote masizi. Moshi wangu wote tangu Litapunga ulikuwa unazunguka nyuma ya lori na kumpata yeye, na yeye amesimama pale juu anapungia watu, hajui. Ndiyo maana watu wa vijiji vya njiani walikuwa hawapungi. Walikuwa wanakimbiza watoto ndani.

Mzee akajitazama mikono. Akanitazama mimi. "Hii nayo ni hali ya hewa?" akauliza taratibu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mbali huko stesheni treni ikapiga filimbi ya kwanza, na kile kitu changu kimoja nilichokuwa nakitaka duniani kikaanza kuniteleza mkononi. Nilimwona Anastazia moyoni, kwenye ile kona ya nyumba. Nilitaka kulia, nawaambia ukweli.

Nikaingia ndani, nikakanyaga mafuta mpaka chini, lori likapanda kilima kwa kwikwi. Mzee akarukia nyuma tukiwa tumefika juu. Tukashuka upande wa pili tukiwa tunavuta wingu la moshi refu kiasi kwamba watu wa stesheni (nimeambiwa baadaye) waliuliza kama leo kuna treni mbili.

Treni ya kweli ilikuwa imeshajaa. Gadi ameshika bendera ya kijani. Na sisi, ili tufike upande wa jukwaa, lazima tuvuke reli.

Nikapunguza mwendo ili nivuke vizuri. Magurudumu ya mbele yakapanda reli. Yakashuka. Lori likasema "puh". Likatetemeka mara moja kama mtu anayeota. Likazima.

Juu ya reli!

Mbele ya treni!

Gadi alikuwa ameshainua bendera. Akaishusha. Dereva wa treni akapiga filimbi ndefu. Nikashuka, nikatia hendeli, nikazungusha mpaka bega likaniuma. Kimya. Vichwa vikaanza kutoka madirishani. Watu wa jukwaani wakasogea. Katekista Simoni alikuwapo tayari, baiskeli ameiegemeza kwenye mti, anakula karanga.

"Ondoa hiyo takataka!" Gadi akapiga kelele akija mbio.

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini umati ulikuwa mkubwa na bisibisi ilikuwa mkononi. Nikafungua boneti na kuwaelezea wote kwa sauti ya mwalimu: "Jamani, kosa si la gari! Ni baridi! Asubuhi petroli ni nzito, mchana ni nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko..."

"Khm!"

Safari hii alikohoa kwa nguvu mpaka Gadi akageuka. Mama Anastazia alikuwa ametoa kichwa kwenye dirisha la upande wake. Mimi nikainamisha uso haraka, nikautazama mguu wangu. Yeye hakunitazama. Alimtazama Gadi.

"Baba mwenye bendera," akasema, "naomba unisaidie kumfikishia mkwe wangu maneno. Mimi mila hainiruhusu."

(Mkwe wangu! Nilisikia. Lakini haukuwa wakati wa kufurahi.)

"Mwambie nimekohoa tangu Litapunga."

Gadi akanigeukia, na yule bwana hajui kusema polepole. "Anasema amekohoa tangu Litapunga!"

"Mwambie nimesikia," nikajibu nikiwa nautazama mguu. "Mwambie pole sana, mama."

"Anasema pole sana!"

"Mwambie siumwi."

"Haumwi!"

"Mwambie nilikuwa namwita aangalie upande huu, maana siwezi kumsemesha. Yeye kila nikikohoa anaenda kule mbele anakoroga vitu vyake."

"Anasema unakoroga!"

Treni nzima ikacheka. Walio behewa la mwisho walikuwa hawasikii, wakawa wanaambiwa na behewa la mbele yao, kwa hiyo kila kicheko kilikuja mara mbili.

"Sasa muulize," mama akaendelea, hana haraka kabisa, "asubuhi pale nyumbani alisema mtu asiyerudisha kile kidude ndani ni nani?"

"Anauliza, asiyerudisha kidude ndani ni nani?"

Moyo ulianza kuelewa kabla ya kichwa. Treni ikawa inapumua mvuke tu. Kisha kutoka nyuma ya lori, katikati ya madebe, Mzee Gervasi mweusi tii akatoa neno lake la kwanza tangu kilimani.

"Mchunga mbuzi," akasema.

Mama akaishika kaniki kwa upande wake, akaikunja juu, na wote waliokuwa mbele ya lori wakaona. Ile kona ya tatu. Anastazia wangu, katika kutafuta mahali pa kufungia, aliona kidude kizuri kwenye dashibodi, upande wa mama. Akakivuta nje ili kipate shingo ya fundo. Akakifunga mafundo mawili. Choki ilikuwa nje, imevutwa mpaka mwisho, tangu uwanja wa Litapunga mpaka juu ya reli ya Mpanda.

Na mimi sikuiona. Ningeionaje? Nilikuwa na adabu!

"Mwambie," mama akamalizia, "baba yangu mimi alikuwa mfua chuma. Nimekua kwenye mivukuto. Moshi mweusi ni moto usiopata pumzi, hata mtoto anajua. Sasa akifungue aende, tunachelewa ubatizo."

Gadi alijaribu kuyarudia yote hayo akashindwa. Alikuwa amekaa chini kwenye reli, bendera usoni, mabega yanatetemeka.

Nikafungua fundo. Mikono ilikuwa baridi kuliko asubuhi. Nikaisukuma choki ndani. Nikatia hendeli, nikamwomba Mungu, nikazungusha.

Likapiga chafya. "Tyaa!" Moto kidogo ukatoka kwenye kabureta ukaniunguza nyusi. Likazima.

Nyie mafundi mmeshajua. Mara sita nilikuwa nimepunguza petroli kumfuata mchawi asiyekuwepo. Choki ilipokuwa nje, ilikuwa inanifichia kosa langu. Ilipoingia ndani, hewa ikamwagika na petroli hakuna. Ilinibidi niirudishe ile skrubu ilipokuwa. Na ilipokuwa ni wapi? Robo sita? Nusu tatu na robo? Nilisimama pale na bisibisi yangu mbele ya umati, na sikumbuki.

"Sukumeni!" Gadi akaamuru.

Wakashuka abiria. Wenye suti wakashuka. Mtu mmoja alishuka na kuku wake kwapani, akasukuma kwa mkono uliobaki. Katekista Simoni akaweka karanga mfukoni, akaja kwenye bega langu la kulia, akaliegemea lori.

"Tumsifu Yesu Kristo, Kaspari," akaninong'oneza.

"Milele, amina," nikasema.

Lori likavuka. Reli ikawa wazi. Watu wakarudi kwenye mabehewa wakipanguza mikono, na Mzee na mkewe wakapanda nao. Nikawabebea mizigo mpaka mlangoni nikitazama chini, mzigo wa mama nikauweka hatua tatu mbali naye kama inavyotakiwa.

Treni haikuwaacha, nataka mlikumbuke hilo. Tuliwahi. Hakuna treni inayoweza kumwacha mtu aliyelala mbele yake na lori.

Lakini Mzee Gervasi hakunitazama. Alikaa dirishani na ule uso wake wa masizi, anatazama mbele, na abiria wenzake wamemwachia kiti kizima asiwachafue. Nikasema basi. Yameisha. Neno lake lilikuwa "tukipanda treni", na wamepanda, lakini nani atamkumbusha mtu mweusi namna ile? Nilisimama jukwaani mikono imening'inia. Sijawahi kujiona mdogo hivyo, hata siku ile niliyomwaga oili kwenye viatu vya tajiri.

Gadi akapita mbele yangu kwenda nyuma. Mama Anastazia akamwita kwa mara nyingine. Akamnong'oneza kitu kirefu. Gadi akaja mbio, maana treni ilikuwa imeshaanza kusogea, akarukia ngazi ya behewa lake, akanipigia kelele mpaka walio sokoni wakasikia:

"Anasema mshenga aje! Anasema mwanaume anayesimamisha gari mara sita kwa sababu mkwewe amekohoa, adabu anayo! Akili watamfundisha nyumbani!"

Na treni ikaondoka na vicheko vyake.

Basi ndugu zangu, nimepata mke. Sijui nifurahi au nijifiche, nafanya yote mawili kwa zamu. Yeyote hapo gereji anayejua skrubu ya kabureta hukaa mizunguko mingapi, aniandikie, asitie jina. Na tafadhali msicheke, maana nitawaalika harusini na mtahitaji kunitazama usoni. Mshenga wangu atakwenda Litapunga wakwe wakisharudi. Ni Katekista Simoni. Nilimwahidi kumpeleka kwa lori, akanishukuru sana, akasema atakwenda na baiskeli.

Wenu,
Kaspari